Hodi ya Tatu

Mume wa Sikudhani alikufa alfajiri, na jua lilipofika utosini alikuwa bado hana pa kulala. Walikwisha kumwosha, walikwisha kumvika sanda, walikwisha kumlaza kwenye kitanda cha kamba chini ya Nundu, na bado hana pa kulala. Katika nchi ile mtu hazikwi mpaka apigiwe hodi, na hodi haina maana mpaka iitikiwe. Tena aitikie mtu maalumu, si mpita njia yeyote. Mtu huyo maalumu alikuwa Sikudhani mwenyewe, na hapo ndipo shughuli ilipokwama.

Nchi yenyewe ilikuwa imepewa majina mengi mno, kila waliofika wakiibandika la kwao, mpaka majina yakafutana na watu wakabaki kusema "hapa" tu, ikatosha. Ni tambarare tupu. Ukisimama popote unaona pote. Na katikati ya tambarare, pasipo mlima wala mwinuko wa kusingizia, ndipo ilipoinuka Nundu, rundo la udongo refu kupita mti wowote wa nchi ile. Ilianza kama kaburi, hilo hakuna aliyelibishia. Baadaye wenye ng'ombe walikuja wakawalaza wakuu wao ubavuni mwake. Baada yao wapiganaji wakachonga ngome juu ya migongo ya wale wakuu. Njaa ikapita, ngome ikageuzwa ghala, mtama ukalala palipolala mikuki. Kisha wakaja watu wa sheria wakasimika mti wa kunyongea kileleni, kwa kuwa panaonekana kote. Kisha mti ukakatwa pakawekwa tangi la maji, na walionyongwa wakazikwa pale pale chini ya tangi, maana ndipo karibu. Wakati wote huo, haidhuru nani anatawala na anaiita nini, watu wa kawaida waliendelea kuleta wafu wao. Kila maiti alikuja na kikapu cha udongo wa alikotoka, ukamwagwa juu yake. Ndiyo maana Nundu haikuacha kukua, na ndiyo maana ukiichimba unakuta udongo mwekundu, wa kijivu, mweusi wa mtoni, mweupe wa chokaa, umekaa kama chapati zilizopangwa kwenye sinia.

Desturi ya hodi ilikuwa hivi. Wachukuzi husimama na maiti wao, hupiga hodi, hungoja. Hupiga ya pili, hungoja. Ya tatu isipoitikiwa, hugeuza kitanda, wakampeleka marehemu mbugani kwa fisi, na hapana lawama. Anayeitikia ni mtu wa ukoo wa Mwenye Nundu, yule wa kwanza aliyelala katikati kabisa, chini ya wote. Huitikia kwa niaba yake, kwa sababu yeye hana tena mdomo. Na mwitikiaji haruhusiwi kumwitikia maiti wa nyumba yake. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ndivyo ilivyo, na ukiuliza tena utaambiwa umezidi maswali.

Sikudhani alikuwa mwitikiaji tangu mama yake alipofariki. Ukoo ulikuwa umepukutika, wamebaki yeye na mdogo wake wa kiume, Machano. Mama yao aliwafundisha kazi ile kwa njia moja tu, kuwavizia. Mtoto ana tonge mdomoni, anasikia nyuma yake, "Hodi!" Mtoto yuko chooni, "Hodi!" Mtoto anagombana na mwenzake, anachezea kidonda, amelala fofofo na mate yanamtoka, "Hodi!" Aliyechelewa kuitikia alikula ugali mkavu siku hiyo. Machano ndiye alikuwa hodari. Alifikia kuitikia "Karibu" usingizini, halafu akaendelea kukoroma. Sikudhani alikuwa mzito kidogo, kwa kuwa alitaka kwanza kujua ni nani.

"Unafikiri nini?" mama yake alikuwa akimkemea. "Ukifikiri, mtu ameshaondoka."

Hata hivyo kazi ilimwangukia yeye, aliye mkubwa, na Machano akaenda zake kutafuta ukubwa wa namna nyingine. Aliupata. Sasa alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Asili, na Kamati ilikuwa imeamua kwamba nchi imechoka kuchanganyika. Kuanzia msimu ule asilazwe kwenye Nundu ila mwenye damu ya Mwenye Nundu, na waliokwisha kulazwa nao watachambuliwa, wa kuja watolewe. Ili jambo lisionekane limetoka hewani, Kamati ilichimba handaki kutoka ubavuni hadi katikati, imtoe huyo Mwenye Nundu mchana kweupe, iwaonyeshe watu bangili ya shaba ya ukoo mkononi mwake. Wachimbaji walifika kwenye jiwe la chumba chake, wakaweka majembe chini. Walisema huko haingii ila mwitikiaji.

Na Ngasa, mume wa Sikudhani, alikuwa mtu wa kuja. Alikuja na vijana wa kupeleka chumvi, akaugua, akapona, akaoa, akasahau kuondoka. Hakuwa mtu wa makuu. Alishona viatu, alipenda kubishana juu ya mvua, na kikapu chake cha udongo wa kwao, alichokibeba mgongoni kutoka huko kwa ajili ya siku kama hii, alikiweka uani kwake na kupanda pilipili ndani yake. Watu walimcheka. Yeye alisema udongo nao usikae bure, na kila jioni akachuma pilipili moja ya kulia chakula. Kikapu hicho sasa kilikuwa kichwani pa kitanda, pilipili zimo, nyingine mbichi nyingine zimeiva.

Machano alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya turubai la Kamati, anamenya chungwa. Alipenda sana machungwa. Alikuwa na kisu kidogo chembamba, na ganda lilimtoka mkononi refu bila kukatika.

"Dada," alisema, "pole kwa msiba."

"Nimeshapoa. Utamwitikia?"

"Unajua siwezi. Juzi tu nimesimama hapa nikawaambia watu, leo nianze na nyumba ya dada yangu?"

"Ulikuwa unamwita shemeji. Viatu ulivyovaa ni yeye kavishona."

Machano aliangalia viatu vyake kidogo, akala kipande cha chungwa. "Iko njia," alisema, akishusha sauti. "Ingia mle ndani. Toka, uwaambie watu umemwona, na bangili anayo. Basi. Neno moja. Nami nitamwitikia mumeo, nitasema huyu alikuwa wetu kwa kuoa. Mwingine hatapita, lakini yeye atapita."

"Na kama bangili hana?"

"Nani ataingia kumpima?"

Sikudhani alimtazama Ngasa, kitambaa kimemkaa usoni, inzi wanaanza kuja. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakamwaka, kisha ikashuka, akabaki na kitu kibaya zaidi ya hasira, kwa sababu alijua anataka kukubali. Aliingia handakini.

Sasa, huko ndani wakati ulikuwa na tabia zake. Juu, kwenye jua, siku hufuatana kwa adabu, jana ikampisha leo. Ndani ya Nundu zilikuwa zimelala pamoja kitanda kimoja, na mtu akipita katikati yake huzikanyaga miguu. Sikudhani alipovuka udongo wa kijivu alihisi nywele zake zimesukwa mtindo asioujua. Alipovuka mwekundu alikuta mkononi mwake kovu la kuungua, na akakumbuka vizuri kabisa siku alipoungua, ingawa siku hiyo haikuwa yake. Hakuogopa sana. Miaka yote alikuwa akisema "Karibu" kwa sauti ya mwingine, hata akawa hajui sauti ile inaanzia kifuani mwa nani. Alikuwa akijiuliza mara nyingi, wakati wa kupepeta mchele au kungoja usingizi: huyo ninayemsemea, ananisikia? Na kama hanisikii, hawa wote nimewakaribisha kwa nani? Mtu aweza kuishi umri mzima mlangoni mwa nyumba, akifungua na kufunga, asijue kama ndani mna mtu. Wakuu wa nchi walijua hilo, naye alijua kwamba wanajua, maana mwenye nyumba asiyeonekana hawezi kukanusha linalosemwa kwa jina lake.

Palipo na chokaa alimkuta mwanamke anachota mtama kwa kibuyu.

"Umekuja bila pakacha?" mwanamke aliuliza. "Utabebea nini?"

"Namtafuta mwenye kaburi hili."

"Kaburi! Kaburi gani, bibi wewe? Hili ghala. Baba yangu amelikuta ghala, na babu yangu vilevile." Alicheka, meno yake meupe na vumbi la mtama usoni. Kisha akaacha kucheka. "Ila watoto wangu wawili wamo humu. Wa njaa. Tuliwaweka chini ya magunia."

"Mlipowaleta, nani aliwakaribisha?"

"Si yule wa chini?" mwanamke alisema, kama anayeulizwa jua linachomoza wapi, akarudia kuchota.

Chini zaidi alimkuta kijana mwenye mkuki, amekaa kitako, kifua kimefungwa kitambaa chenye damu kavu. Huyo alimzuia. Alisema hii ni ngome, na ngome ina wenyewe, naye amewekwa asimpitishe mtu. Sikudhani alimuuliza aliyemweka ni nani. Kijana alifungua mdomo, akaufunga, akatazama chini, kule kunakokwenda giza, akasema polepole kwamba amri ilitoka huko. Hakuwahi kumwona mtoa amri. Aliona haya kulisema hilo, na alipolisema alisogeza mkuki, Sikudhani akapita.

Jiwe la chumba lilikuwa jepesi kuliko alivyotarajia. Ndani hamkuwa na kiti cha enzi wala shanga. Palikuwa na mtu mdogo, amelalia ubavu, magoti yamekunjwa. Bangili hakuwa nayo, mikono yote miwili mitupu. Kando yake palikuwa na kibuyu cha maji cha safari, kimekauka, na viatu vilivyolika visigino. Mkono mmoja ulikuwa umenyooshwa mpaka kwenye jiwe, vidole vimekunjwa ngumi, na kwenye jiwe, pale ngumi ilipogusa, palikuwa na kishimo kilicholika.

Sikudhani alikaa chini. Sauti ilipomjia haikutoka kwa yule mtu hasa, ilitoka kwenye kishimo kile.

*Hodi.*

*Nilifika mchana. Hapakuwa na rundo hapa. Palikuwa na nyumba, milango wazi, moshi, watu wanakula, nasikia vijiko. Hodi. Vijiko vikasimama. Umewahi kusikia vijiko vikisimama?*

*Nikasikia wanavyotazamana. Wa kwako? Si wangu. Wa nani basi? Ana watu? Ametokea upande gani, maana upande ule kuna maradhi. Ngoja tuulize. Ngoja mzee arudi. Walikuwa watu wema. Walikuwa wanafikiri.*

*Hodi. Nikakaa chini, miguu ilikataa. Jua likanikaa kichwani. Ile ya tatu nilikuwa nayo hapa mdomoni, nikawa naihifadhi. Nilijua nikiitumia sina nyingine.*

*Walipokwisha kufikiri, mimi nilikuwa nimekwisha.*

*Wakaona haya. Haya yao ilikuwa kubwa, bibi, hawakuweza kuitazama. Wakaifunika udongo. Bado ikaonekana. Wakaongeza. Watoto wao wakaongeza bila kujua wanafunika nini. Wajukuu wakauliza, nani huyu aliyefunikwa udongo mwingi namna hii? Bila shaka alikuwa mkubwa. Bila shaka ndiye mwenyewe. Nikawa mwenyewe. Wanaleta watu, wanabisha hodi kwangu. Kwangu! Mimi niko mlangoni bado. Nami nasikia mtu juu anasema karibu, karibu, nikadhani ni mimi naambiwa, kumbe si mimi. Kila mara nikadhani ni mimi.*

Sikudhani alilia. Alilia kwa sauti kabisa, kama alivyokuwa hajamlilia hata mumewe, kwa kuwa kutwa nzima alikuwa akimtafutia mahali na hakupata nafasi ya kumlilia. Wote aliowakaribisha walimjia, na akaona kwamba hakumdanganya hata mmoja, wala hakumwambia ukweli hata mmoja. Alijifuta kwa upande wa kanga. Aliweka kiganja chake juu ya ile ngumi.

"Karibu," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, ambayo ilikuwa nene kidogo na ya mafua.

Ngumi ililegea. Ilichukua muda.

*Ahsante,* sauti ilisema, kisha ikauliza, *juu huko kuna mtu anangoja?*

"Mume wangu."

*Nani anampigia hodi?*

"Wachukuzi. Ndiyo desturi."

*Na wewe? Umewahi kubisha?*

Sikudhani alifikiri. Alizaliwa kwenye nyumba ya kuitikia. Watu walikuja kwake, yeye hakwenda kwa mtu. Umri wote ule mdomo wake haukuwahi kulitamka neno lile, na alipotaka kulijaribu alilikuta geni, kama jina la mtoto wa jirani.

Alipotoka, jua lilikuwa limekwisha kuinama. Watu wote walisimama. Machano alikuwa na chungwa jipya.

"Umemwona?" alimuuliza kwa nguvu, wote wasikie. "Bangili anayo?"

"Nimemwona," Sikudhani alisema. "Bangili hana. Ana kibuyu cha safari na viatu vilivyolika. Alikuja kama Ngasa alivyokuja, akapiga hodi kwa wazee wetu, nao wakakaa kimya mpaka akafa. Nundu hii waliijenga kwa kuona haya."

Watu waliguna. Mmoja wa Kamati alisema bibi amepata wazimu wa kufiwa, na wengine wakaafiki haraka, kwa kuwa ndilo lililokuwa rahisi. Machano hakusema hivyo. Alimtazama dada yake kwa macho ya mtu aliyemtupia mwenzake kamba akaona inakatwa na yule yule aliyetupiwa.

"Nilikupa njia, dada."

"Ulinipa."

"Basi usinilaumu." Aliwageukia wachukuzi. "Pigeni hodi zenu. Mimi siitikii, na mwingine hayupo."

Wachukuzi waliinua kitanda. Mkubwa wao, mzee mmoja mwenye sauti ya kuimbia kazi, alivuta pumzi, akaitoa hodi ya kwanza kama inavyotolewa siku zote, ndefu, ya heshima, inapanda na kushuka. Ilipanda Nundu, ikapita tangi, ikapotelea upande wa pili. Hakuna aliyeitikia. Machano alikuwa anamenya chungwa lake, ganda linamshuka hadi magotini.

Akapiga ya pili. Na safari hii Sikudhani aliusikia ukimya wenyewe. Aliwaona watu wanavyotazamana. Hapo palikuwa na wanawake aliowaitikia watoto wao, wanaume aliowaitikia baba zao, wengi wao wa kuja tangu vizazi; kila mmoja akimtazama mwenzake, midomo imekaa tayari, na kila mmoja akifikiri. Mimi ni nani hata niitikie? Nikiitikia, na wangu watachambuliwa? Ngoja aanze yule. Walikuwa watu wema. Ulikuwa ukimya ule ule, haukubadilika hata kidogo, umehifadhiwa vizuri miaka yote hiyo.

Mzee wa wachukuzi alimtazama Sikudhani kwa huruma, akavuta pumzi ya tatu.

Sikudhani aliinua mkono kumzuia. Desturi ilimkataza kuitikia, haikumkataza kubisha, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mwitikiaji anaweza kuwa nje. Alivua viatu. Alizunguka nyuma ya turubai, polepole, mpaka akawa nyuma ya kiti cha mdogo wake, karibu kiasi cha kuona mvi zake za kisogoni na kovu la jipu alilotumbuliwa na mama yao. Machano alikuwa ametia kipande cha chungwa mdomoni na anatafuta mbegu kwa ulimi. Sikudhani alijaza kifua. Hakuivuta, hakuiimba. Aliitoa fupi, kali, ya jikoni, kama alivyoisikia mara maelfu na tonge mdomoni.

"Hodi!"

"Karibu!" alisema Machano.

Alisema kabla ya kujua. Chungwa lilimponyoka likabingirika vumbini. Aligeuka haraka, mdomo wazi, maji ya chungwa yanamtoka kidevuni, na uso ule ambao watu walizoea kuuogopa ulikuwa kwa dakika hiyo uso wa mtoto anayetazama kama ameuepuka ugali mkavu.

"Mama?" alisema.

Halafu akamwona dada yake.

Kelele zilikuwa nyingi. Kamati ilisema haihesabiki, mwenyekiti hakukusudia. Mzee wa wachukuzi aliuliza ni wapi katika desturi palisemwa kukusudia, naye tangu utoto amesikia neno karibu tu. Wakati wanabishana, watu wake walikwisha kuondoka na kitanda. Hawakupanda ubavuni. Waliingia moja kwa moja handakini, wakamlaza Ngasa mbele ya chumba cha wa kwanza, wakaanza kufukia juu yake, na ghafla kila mtu alikuwa na jembe au sinia au mikono yake. Atakayetaka kuchimba tena hapo atampitia yeye kwanza.

Machano alifika mwisho, watu walipokuwa wakifuta mikono. Kisu chake kilikuwa bado mkononi, akakitia mfukoni. Alimuuliza dada yake kama zile pilipili nazo zinamwagwa.

"Nazo," Sikudhani alisema.

Akainua kikapu, yeye mwenyewe, akakiinamisha. Udongo wa huko ulianguka na mizizi yake, mwekundu juu ya mweusi. Alikaa kitambo anausawazisha kwa kiganja, anaupapasa pale ulipokuwa tayari umesawazika, na Sikudhani, aliyesimama nyuma yake, aliona mabega yake yameshuka.

"Pole kwa kungoja, shemeji," Machano alisema.